Mfugaji wa Tanga hahitaji mbwa wa kizungu

KATIKA miaka ya karibuni wafugaji wa mbuzi na kondoo wamekuwa wakiulizia wapi pa kupata mbwa wa kuchunga kutoka nje. Wameona picha zake kwenye televisheni, na siku hizi kwenye simu. Mbwa mweusi na mweupe anatambaa kwenye majani kama chui, anawageuza kondoo mia moja bila kubweka hata mara moja, na mwenye mifugo amesimama mbali akipiga mluzi tu. Anayehangaika na mbuzi kwenye vichaka vya Mkinga au Pangani akiona vile lazima atamani. Wauzaji nao hawako nyuma. Mtoto wa mbwa yeyote mwenye manyoya marefu na masikio yaliyosimama hupewa jina la kizungu, na bei yake inakuwa ya ng'ombe.

Maoni yangu ni kwamba fedha hiyo ingebaki mfukoni. Mbwa atakayemfaa mfugaji wa Handeni, Kilindi, Mkinga au Pangani yuko tayari kijijini kwake. Analala jalalani, anafukuzwa kwa mawe na pengine hana hata jina. Mbegu yake haina kasoro kubwa. Anachokosa ni malezi, chakula na chanjo, na vyote hivyo vinaweza kupatikana bila kuagiza kitu chochote kwa meli au ndege.

Kwanza tuelewane tunaposema mbwa wa mifugo tunamaanisha nini, kwa sababu watu huchanganya kazi mbili zisizofanana. Iko kazi ya kuswaga na iko kazi ya kulinda.

Yule wa kwenye picha anaitwa Border Collie, na kazi yake ni kuswaga. Asili yake ni mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na karibu wote wa leo ukoo wao unarudi kwa dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893. Chama cha wenye mbwa hao kilianzishwa mwaka 1906. Yaani ni zaidi ya miaka mia moja ya kuchagua, kuandika ukoo na kushindanisha. Walichokifanya wale wachungaji ni kuichukua tabia ya windo na kuikata katikati. Mbwa mwindaji hukodoa macho, hunyata, hukimbiza, hushika, kisha huua. Border Collie amebakiziwa kukodoa, kunyata na kukimbiza, na hayo mawili ya mwisho yamefifishwa. Kondoo wanamwogopa kama fisi, naye hawagusi. Ni mbwa wa ajabu kweli, lakini hafai bila mtu aliyefundishwa kumwongoza kwa mluzi na sauti, na akikaa bila kazi hutafuta yake mwenyewe: kuku, baiskeli, hata watoto wanaokimbia.

Wa kulinda ni kinyume chake. Huyu tabia ya windo inatakiwa imlale kabisa. Hawaswagi mbuzi, hawakimbizi, anatembea katikati yao kama mmoja wao na kulala nao. Akisikia harufu au kishindo cha mgeni anasimama mbele na kubweka. Waturuki wanao mbwa wakubwa wa namna hiyo, wa Anatolia, na mmoja wao mashuhuri anaitwa Kangal. Namibia imewatumia tangu mwaka 1994 kwa mpango wa shirika la Cheetah Conservation Fund, ili wakulima wasilazimike kuwapiga risasi duma. Hata kwetu, karibu na hifadhi ya Ruaha, mbwa wa Anatolia walijaribiwa kwa wafugaji.

Iko na aina ya tatu, ya mbwa wa kila kazi. Marekani wanaye anayeitwa English Shepherd, aliyeandikishwa rasmi mwaka 1927 ingawa wakulima wadogo walikuwa naye muda mrefu kabla ya hapo. Asubuhi anarudisha ng'ombe wa maziwa, mchana anakamata panya ghalani, usiku anabweka mlangoni, na katikati ya hayo yote anacheza na watoto. Namtaja kwa sababu moja tu. Mbwa huyo hakutengenezwa na wataalamu wala na maonyesho ya urembo. Alitokana na wakulima wa kawaida waliobakiza watoto wa mbwa aliyefanya kazi, na hawakuwaendeleza wa yule mvivu.

Sasa tujiulize, mfugaji wa mwambao huu wa kaskazini anahitaji lipi? Kwa wenye ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani, kule Lushoto, Muheza na viunga vya jiji la Tanga, wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya ushirika, jibu ni rahisi: mbwa wa kuchunga hawahitaji hata kidogo, labda wa mlangoni tu. Mada hii inawahusu wenye mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaotembea.

Kwa hao, kuswaga siyo tatizo linalowafilisi. Kijana mmoja mwenye fimbo anaweza, na mbuzi wenyewe wanaijua njia ya nyumbani. Linalowatia hasara ni fisi wa usiku, chui anayeshuka kutoka msituni, mwizi mwenye pikipiki, na kundi la mbwa wazururaji ambao mchana kweupe wanararua mbuzi watatu na kula mmoja. Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Saadani, au vilivyo bonde la Umba karibu na Mkomazi, ongeza simba. Mwenye mifugo kwa kawaida ni mkulima pia, kwa hiyo ongeza nyani kwenye mahindi na nguruwe pori kwenye mihogo. Hasara zote hizo dawa yake ni ulinzi. Ukinunua mbwa wa kuswaga kwa ajili ya fisi, ni kama kununua jembe la kukokotwa kwa ajili ya kuvua.

Nimetaja Saadani, na hapo kuna somo ambalo wauzaji wa mbwa wa kigeni hawalisemi. Sehemu ya kaskazini ya hifadhi hiyo, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2005, ilikuwa shamba kubwa la ng'ombe la Mkwaja. Lilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni, likafungwa mwaka 2000. Miongoni mwa yaliyolishinda ni mbung'o na vichaka vilivyokuwa vikirudi kila vilipofyekwa. Ng'ombe wa pale waliishi kwa dawa ya nagana. Mbung'o hawakuondoka pamoja na ng'ombe. Mkoa huu ndio uliokuwa ukizalisha, katika kituo cha utafiti cha Tanga, mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi ambao waliachiwa Unguja mpaka kisiwa kile kikawa hakina mbung'o mwaka 1997. Lakini huku bara katika maeneo mengi bado tunao.

Wengi hudhani nagana ni ya ng'ombe tu. Mbwa naye huugua, na mara nyingi vibaya zaidi. Anapata homa, uso unavimba, macho yanaingia ukungu kama maziwa, na asipotibiwa haraka anakufa. Kisha wako kupe, na homa zao ni zile zile zinazoua mbwa wa mjini walionunuliwa kwa bei mbaya. Sisemi mbwa wetu wa kienyeji haugui, anaugua. Lakini aliyeko kijijini leo ametokana na vizazi vingi vilivyopita katika mbung'o, kupe, njaa na jua la Pangani, na visivyoweza vilikwisha kufa. Mbwa mwenye koti la manyoya ya baridi ya Uskoti hana urithi huo.

Lipo na suala la tumbo. Mbwa wetu wa kawaida ana kilo 15 hivi. Mlinzi wa Kituruki anaweza kuvuka kilo 50. Mwenye kuku ishirini na shamba la ekari mbili atamlisha nini huyo?

Swali linalofuata ni la haki: je, mbwa koko anaweza kweli kulinda mifugo? Jibu lipo, na halitokani na mapenzi ya mtu. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti uliofanyika kwa wafugaji wa Laikipia na maeneo jirani nchini Kenya, uliolinganisha makundi yaliyoshambuliwa na yasiyoshambuliwa. Ulionyesha kwamba mchana hatari ilikuwa ndogo zaidi kwa makundi madogo, yaliyochungwa mahali peupe, yakiwa na mchungaji pamoja na mbwa. Usiku hatari ilikuwa ndogo kwenye maboma yenye kuta nene, milango michache, na ambamo watu na mbwa walikuwepo. Hao walikuwa mbwa wa kawaida wa wafugaji, hawa hawa ambao Wamaasai na Waparakuyo wa Handeni na Kilindi wanatembea nao na kuwaita kwa lugha yao oldia.

Tuvuke bahari kidogo. Wahindi Wekundu wa kabila la Navajo, kule Marekani, hufuga kondoo na mbuzi katika nchi kavu yenye mbweha wakubwa. Wataalamu waliowatembelea miaka ya 1980 walikuta mifugo inalindwa vizuri na mbwa machotara wasio na aina wala ukoo. Siri yao ilikuwa moja, kwamba mtoto wa mbwa aliwekwa zizini na mbuzi tangu mdogo. Botswana, nchi yenye simba, duma na fisi, wafugaji hutumia mbwa wao wa kienyeji wanaoitwa Tswana, na shirika la huko linalohifadhi duma limewachagua hao kuwagawia wafugaji kwa kuwa ni rahisi kuwapata na kuwalisha, na kazi wanaiweza. Wataalamu wa Botswana walikuwa na uhuru wa kuagiza Kangal kama Namibia. Wamebaki na wa kwao.

Basi tuzungumzie malezi yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi.

Anza kwa kuchagua mama. Usichukue mtoto wa mbwa kwa sababu ya rangi. Tafuta jike anayetoka na mifugo asubuhi na kurudi nayo jioni, ambaye hajawahi kushika kuku wala mbuzi, na anayebweka kwa sababu. Msemo wa zamani unasema mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Hata wa mchungaji hufuata nyumbani kwao.

Mtoto achukuliwe akiwa na wiki sita hadi nane, si zaidi sana ya hapo. Kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili mbwa anajifunza nani ni ndugu yake, na akishajifunza hafuti. Akilelewa na mbwa wenzake jalalani, ndugu zake ni hao. Akilelewa jikoni na watoto, ndugu zake ni watoto, na atawaacha mbuzi porini arudi kucheza. Akilelewa zizini, ndugu zake ni mbuzi. Charles Darwin, alipopita nchi ambayo leo ni Uruguay mwaka 1833, alikuta wachungaji wakimtenga mtoto wa mbwa na mama yake akingali mchanga, wakamnyonyesha kwa kondoo na kumlaza kwenye sufi ndani ya zizi. Akikua hakuwa na hamu ya kuondoka kwenye kundi. Si lazima ufike huko kwa kunyonyesha, lakini kanuni ni ile ile.

Mjengee kona ndani ya zizi kwa fito chache, mbuzi wasiweze kumkanyaga naye awaone na kuwanusa muda wote. Mchanganye kwanza na vitoto vya mbuzi na majike wapole. Beberu mkorofi akimpiga pembe mapema atawaogopa maisha yake yote. Chakula apewe humo humo, kwenye chombo chake, saa ile ile. Watoto wa nyumbani wamzoee kwa kiasi. Wazee wengine hushauri asiguswe kabisa na mtu, na hapo sikubaliani nao. Mbwa asiyeshikika hachanjiki. Siku ya chanjo utawaona watu wamekuja na mbwa kumi wakati kijiji kina mbwa hamsini, na ukiuliza unaambiwa wale wengine hawakamatiki. Tangu wiki ya kwanza avae kamba shingoni na azoee kushikwa masikio na mdomo.

Akitimiza miezi minne au mitano aanze kutoka na kundi pamoja na mchungaji, nusu siku kwanza. Kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja ndicho kipindi kibaya, na wengi hukata tamaa na kumuua au kumtupa. Anakuwa kama kijana wa kidato cha pili. Anakimbiza vitoto vya mbuzi kwa mchezo, anavuta mikia, pengine anajeruhi sikio. Usimpige mpaka akachukia mbuzi. Mkemee pale pale, mtenge na vitoto awe na wakubwa wanaoweza kumjibu, na mning'inizie kipande cha mti shingoni kinachogonga magoti anapokimbia. Wachache hawaponi tabia hiyo, na hao wasibakizwe kwenye mifugo. Wengi wanatulia wakikaribia mwaka na nusu. Wawili kwa kundi ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja mbele ya fisi wawili hana la kufanya zaidi ya kubweka.

Na kubweka ndiyo kazi yenyewe. Mfugaji asitarajie mbwa wa kilo 15 apigane na chui. Akifanya hivyo ataliwa. Anachofanya ni kumnyima adui nafasi ya kuvizia na kumwamsha mwenye mali. Kwa hiyo boma bovu lenye mbwa bado ni boma bovu, na mbwa anayebweka saa nane usiku bila mtu kutoka na tochi atachoka kubweka. Kwa kijana anayeshinda porini peke yake na mbuzi wa baba yake, mbwa pia ni mwenzake wa kuzungumza naye, na hilo halina bei mnadani.

Sasa hesabu. Mbwa wa kilo 15 anayefanya kazi anahitaji kama gramu 300 za unga mkavu kwa siku akiwa hali kitu kingine. Kwa mwaka ni gunia moja la kilo 100 na kidogo juu yake. Siyo gharama ndogo, na anayesema mbwa hali kitu anadanganya. Makombo na pumba vinapunguza, lakini ugali mtupu haumjengi mbwa. Huku kwetu pwani tuna bahati ya vichwa vya samaki na dagaa waliovunjika wasiouzika, vichemshwe vizuri vichanganywe na pumba. Kwa hiyo mwenye mbuzi watano apige hesabu yake vizuri, pengine mlango imara unamtosha. Mwenye mbuzi 40 anayepoteza watatu au wanne kila mwaka aweke thamani ya mbuzi hao, kwa bei ya mnada wa kwao, upande mmoja, na chakula cha mbwa wawili, chanjo na dawa ya minyoo upande wa pili. Nadhani wengi watakuta mbwa analipa, hasa mwaka ambao fisi amezoea zizi.

Kitu kimoja asipewe hata mkichinja arobaini: vichwa, mapafu na maini mabichi. Desturi ya kumtupia mbwa kichwa cha mbuzi aliyekufa inawarudia wafugaji wenyewe. Kuna tegu anayekaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi kwenye majani, mbuzi na kondoo wanayala, na funza wake anakwenda kujenga mfuko wa maji kwenye ubongo. Mbuzi anaanza kuzunguka mahali pamoja, kichwa upande, mpaka anakufa. Wamaasai wanaujua na kuuita ormilo, ingawa wengi hawauhusishi na mbwa. Tegu mwingine wa mbwa huingia kwa binadamu na kufanya uvimbe wa maji kwenye ini, na Waturkana wa Kenya wameteseka sana na ugonjwa huo. Chemsha, au fukia. Na mbwa apewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kwa ushauri wa afisa mifugo, kila baada ya miezi michache.

Najua wapo wasomaji ambao mpaka hapa wanasema haya yote hayawahusu kwa sababu ya dini. Mwambao wetu ni wa Waislamu wengi, wafuasi wa Imamu Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo liheshimiwe, na anayefuga mbwa aliyezungukwa na majirani wanaokwenda msikitini ajue kwamba mbwa wake akizurura barazani kwao anawaletea najisi na kuharibu ujirani. Lakini watoto wa madrasa wanafundishwa pia kwamba mbwa wa windo, wa mifugo na wa shamba wametengwa na katazo la kufuga mbwa. Vijana wa pangoni waliotajwa katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako Waislamu ni karibu watu wote, wasasi wanatoka na mbwa kufukuza wanyama waharibifu mashambani. Mwenye shaka amwulize sheikh wake juu ya mipaka, maana hiyo si kazi ya gazeti la kilimo. Kwa upande wa ufugaji naona mambo mawili yanatosha kuondoa ugomvi mwingi: mbwa akae zizini na si uani, na chombo chake kisiingie jikoni. Mbwa aliyelelewa na mbuzi ndiye hasa anayetimiza hayo, kwa kuwa hana sababu ya kusogelea nyumba.

Lugha yetu nayo haimsaidii. Kumwita mtu mbwa ni tusi, na mbwa koko ni tusi juu ya tusi. Sijui kama ng'ombe angefugwa vizuri tungemtukana hivyo kila siku.

Nimeliacha kubwa kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka kila mfugaji awe na mbwa bila masharti. Inakadiriwa watu 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi Asia na Afrika, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Mbwa wa mifugo yuko hatarini zaidi ya wa mjini kwa sababu anakabiliana na mbweha na fisi wanaoweza kuwa nao, kisha jioni anarudi kwa kijana anayemshika kichwa. Kufuga mbwa asiyechanjwa ni kumwekea mtoto wa nyumbani mtego.

Inawezekana kuumaliza, na ushahidi uko ng'ambo ya mkondo wa bahari, pale Pemba. Kisiwa kile kiliingizwa kwenye mpango wa chanjo ya mbwa uliohusisha wilaya 28 za kusini mashariki na Pemba, ulioanza mwaka 2010 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na mfuko wa Bill na Melinda Gates. Ugonjwa ukatoweka. Chanjo ilipolegea ukaingia tena, watu wakaumwa tena. Chanjo ikarudishwa, na mwaka 2018 ukatokomezwa kwa mara ya pili. Kipimo kinachotumika ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka kwa sababu mbwa wa vijijini wanakufa na kuzaliwa haraka. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu, kama halmashauri nyingi zilivyozoea, hakujafanikiwa popote kwa peke yake; unaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao inajazwa na wapya ndani ya mwaka.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za mkoa wa Tanga zisisubiri Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo zipeleke chanjo makao makuu ya wilaya kwa ajili ya picha. Mfugaji wa Kilindi hawezi kumfunga mbwa kamba akatembea naye nusu siku. Chanjo ipelekwe siku ya mnada au siku ya josho, ambako mifugo, watu na mbwa wamekusanyika wenyewe. Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa hiyo hakuna afisa atakayesema hana msingi wa kufanyia kazi. Kwa vijiji vya kandokando ya Mkomazi na Saadani kuna sababu ya ziada. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa wa kufugwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama theluthi moja yao, na hakuna anayetaka kuona hivyo kwa mbwa mwitu wa Mkomazi. Mfugaji naye akumbuke kwamba kuingiza mbwa na mifugo ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa.

Mtu akiumwa na mbwa, wa kwake au wa jirani, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipake mafuta ya taa wala masizi.

Limebaki moja la majike. Watu wengi wakizaliwa watoto wa mbwa hubakiza madume na kuwatupa majike, wakisema yataleta vurugu. Kwenye kazi ya kulinda jike hana upungufu wowote, na mara nyingi hatembei mbali kama dume. Asiyetaka kuzalisha amwone mtaalamu wa mifugo juu ya kuhasi, dume au jike, kwani mbwa aliyehasiwa hafuati harufu akaacha kundi. Anayetaka kuzalisha azalishe kwa wale wanaofanya kazi tu. Mbwa jike wa jirani yako, yule anayerudi na mbuzi kila jioni, akionekana ana mimba, kamwone mwenyewe mapema na mkubaliane bei, hata kwa debe la mahindi. Ukienda kumchukua mtoto wake wiki ya saba, beba kamba laini ya mkonge na umfunge hapo hapo, mtembee naye mpaka zizini.